Kabla ya kusaini karatasi ya mwisho: kupunguzwa kazi hotelini Malindi

Malindi, kazi za hoteli hufuata upepo. Kaskazi huleta wageni Desemba hadi Machi. Masika yakiingia Aprili bahari huchafuka, hoteli kadhaa hufunga, na vijana wa Muyeye, Maweni na Barani huambiwa wakangoje nyumbani. Tumezoea. Kwa hiyo hata barua ikija kusema kwamba kazi imekwisha kabisa, mtu huipokea kwa mazoea yale yale: anasaini, anachukua alichopewa, anapanda tuktuk kwenda zake.

Kabla hujasaini, jua umeambiwa nini hasa. "Nenda, tutakuita Julai" si kupunguzwa kazi. Huenda ni mkataba wa msimu uliofika mwisho, au ni likizo bila malipo, na hiyo ni ya kukubaliana, si ya kuamrishwa mlangoni. Omba maandishi. Kupunguzwa ni pale nafasi yenyewe inapofutwa bila kosa lako, na hapo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, ina utaratibu wake. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, na kwa watu wa hoteli mara nyingi ni KUDHEIHA, chama na afisa wa leba wapewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, yenye sababu na idadi ya watakaoguswa. Kama huna chama, notisi ikufikie wewe mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa leba naye aipate. Kuchagua nani aende na nani abaki kunatakiwa kuangalia muda wa mtu kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake. Kuwa jamaa wa meneja hakumo.

Vibarua wengi hujihesabu hawamo katika haya. Si lazima iwe hivyo. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi anaweza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi, kwa kifungu cha 37. Kwa hiyo usifute ujumbe wa M-Pesa ulioletea malipo, wala usitupe ratiba za zamu zenye jina lako.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu huumia. Malipo ya kuondoka hayapungui mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tuseme ulikuwa ukipata shilingi 24,000 kwa mwezi na umekaa miaka 8. Nusu mwezi ni 12,000. Mara 8 ni 96,000. Ongeza mshahara wa mwezi mmoja kama hukupewa muda wa notisi: 24,000. Ongeza siku za likizo ambazo hukuzichukua, na sheria inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka. Ongeza mshahara wa siku ulizofanya mwezi huo. Kiasi hiki ni cha chini. Mkataba wa chama na mwajiri unaweza kukupa zaidi, kwa hiyo tafuta nakala yake kwa mwakilishi wenu kabla hajapata kazi kwingine akahama.

Utasikia pia maneno haya: "Wewe tulikuwa tunakulipia NSSF, kwa hiyo huna chako." NSSF ni hazina ya akiba ya uzeeni, na hapo vitu viwili vimechanganywa. Kuna malipo ya utumishi ya kifungu cha 35, na hayo kweli mwanachama wa NSSF hayapati. Malipo ya kupunguzwa kazi ni mengine, na uanachama wa NSSF hauyafuti. Mwajiri akishikilia, mwambie akuandikie hivyo kwenye barua. Wengi hawaandiki.

Karatasi ya mwisho huwa na mstari unaosema umelipwa kila kitu na huna dai tena. Mahakama inaweza kuuchukua mstari huo kama makubaliano kamili, hasa ikionekana ulisaini kwa hiari na ukijua ulichosaini. Iombe karatasi hiyo, ipige picha, enda nayo kwa afisa wa leba hapa mjini. Huduma yake hailipiwi. Dai la kazi lina miaka 3 tu kufikishwa mahakamani, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inasikiza kesi Malindi, huhitaji kwenda Mombasa. Dai pia cheti cha utumishi. Mwajiri hana lazima ya kukusifu, lakini cheti chenye tarehe ulizofanya na kazi uliyokuwa ukifanya ni haki yako.

Pesa ikishaingia, ipime kwa msimu, usiipime kwa mwezi. Ukipunguzwa Machi, mbele yako kuna Aprili, Mei na Juni, wakati mji mzima umekauka na shule zinafungua muhula wa pili. Toa kwanza kodi ya nyumba, unga na karo ya miezi hiyo, ziweke mbali na simu yako. Kinachobaki ndicho cha kuanzia maisha. Kama kinachobaki ni kidogo, basi ni kidogo. Afadhali ujue mapema.

Mwambie mke au mume wako siku hiyo hiyo. Kuna watu huvaa sare asubuhi wakashinda barazani kwa rafiki mpaka jioni, na huku nyumbani wameahidi mchango wa harusi ya binamu. Aibu ya namna hiyo hulipiwa kwa mkopo wa simu. Na kwenye mikopo, nenda sacco kabla hujakosa hata mwezi mmoja. Waulize kama mkopo wako una bima ya kupoteza kazi, omba muda wa kulipa urefushwe. Ukinyamaza, watakaokatwa ni waliokudhamini, na hao ni wenzako wa jikoni ambao kesho ndio watakaokuambia wapi kunahitajika mpishi.

Tuje kwenye tuktuk, maana kila aliyepata kiinua mgongo Malindi anaifikiria. Mimi siipendi kama biashara ya kwanza. Anayeipanda ni mgeni wa hoteli au mfanyakazi wa hoteli, na wote wawili wameondoka pamoja na kazi yako. Ndivyo ilivyo pia kwa vinyago vya ufukweni na safari za mashua za kwenda kuangalia samaki. Ukitoka kwenye utalii kwa sababu utalii umeyumba, ukaingia mlango wa nyuma wa utalii ule ule, hujahama. Tafuta kitu ambacho mwenyeji hununua hata Juni: mahamri na mbaazi za nazi alfajiri, kushona sare za shule, kutengeneza friji na feni. Samaki nao hununuliwa, ila ukumbuke upepo wa kusi wa miezi hiyo hiyo huzuia mashua za Mayungu kutoka, bei hupanda na mtaji wako huisha upesi. Anza na kiasi ambacho kikipotea nyumbani hamtalala njaa. Chakula kinahitaji cheti cha afya cha anayeshika chakula na leseni ya kaunti. Ulizia gharama kabla hujanunua jiko.

Ujuzi wako pia una bei, lakini uwe na karatasi. Mpishi, fundi umeme au seremala aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kwa daraja lake bila kurudi chuo. Kama unazungumza Kiitaliano cha mezani, usikifiche: nyumba za Waitaliano hapa huhitaji mtunzaji hata zikiwa tupu.

Mambo ya serikali ni mafupi. Makato ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya asilimia 2.75 yalikuwa yakitoka kwenye mshahara. Sasa utapimwa kipato na kulipa mwenyewe, kwa mwaka, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Usisubiri mtoto augue. KRA, watu wa ushuru, nao wanataka ripoti yako ya mapato kabla ya Juni 30 hata kama huna kazi, kwa hiyo ondoka hotelini na fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa. NSSF haifunguki kwa sababu tu umepoteza kazi. Kama hujafika miaka 50, usiiweke kwenye hesabu ya mwaka huu.

Na akija wakala wa kazi za Ghuba, maana hao hunusa mahali watu wamepunguzwa, mwombe jina la kampuni na nambari ya leseni, kisha uithibitishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujampa pasipoti wala shilingi.