Gia za baiskeli: anza na mlima, spidi baadae

Mtu akitaka kununua baiskeli swali la kwanza ni "ina gia ngapi?", na hapo ndo wengi wanapotea, maana yenye gia 21 inaweza kukutoa jasho kwenye mlima ambao yenye gia 8 inapanda vizuri tu. Angalia meno. Chukua meno ya gia ya mbele gawanya kwa ya nyuma, tuseme 44 kwa 18, unapata kama 2.4, yani pedali ikizunguka mara moja tairi la nyuma linazunguka mara mbili na kitu. Namba ikiwa kubwa unakimbia ila mguu unaumia, ikiwa ndogo unapanda kwa raha ila kwenye tambarare utakanyaga kama cherehani.

Sasa fikiria ule mlima mkali kuliko yote unaopita mara kwa mara. Kama unashuka kwenye baiskeli unaikokota, gia yako nyepesi bado ni nzito. Kwa milima ya hivo tafuta ile namba ya kugawanya iwe 1 au chini ya hapo, mfano 32 mbele na 36 nyuma, na ukibeba mzigo au abiria shusha tena. Spidi isikusumbue, kwenye mteremko baiskeli inaenda yenyewe.

Kama kwenu ni tambarare tupu gia moja inatosha kabisa, na vya kuharibika ni vichache. Hiyo 44 kwa 18 na tairi kubwa, ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika unaenda kama kilomita 25 kwa saa. Ukiona nzito badili ya nyuma kwanza, jino moja nyuma ni kama mawili na nusu ya mbele.

Alafu kuna miguu yako. Wapo wanaokanyaga polepole kwa nguvu, mizunguko 60 hivi, wapo wa 90, hawa wa 90 wanataka gia zinazokaribiana meno ili wasikatishwe mdundo. Kama magoti yanalalamika, nenda upande wa nyepesi usibishane nayo.

Kabla hujanunua gia kubwa ya nyuma angalia kile kimkono kinachohamisha cheni kinabeba mwisho meno mangapi, maana kila kimoja kina kikomo chake, na cheni huenda ikabidi iwe ndefu zaidi. Kama cheni ni ya zamani badilisha pamoja, iliyovutika itayala meno mapya mapema.