Somo: Kumuandaa mgonjwa wa kansa ya mapafu kabla ya matibabu

Hapa Bukavu mgonjwa wa kansa ya mapafu hungoja sana. Anangoja jibu la biopsi (kipande cha uvimbe kinachokatwa na kupimwa maabara), anangoja familia ichange pesa, anangoja barua ya kuhamishiwa Kigali, au Butaro, kituo cha kansa kilichofunguliwa kaskazini mwa Rwanda mwaka 2012. Wiki zinapita, naye amelazwa "apumzike". Mimi ni kine, kazi yangu ni mazoezi ya wagonjwa, na nawasihi: msimlaze. Misuli ya mtu anayelala mchana kutwa inapungua haraka. Na daktari anapoamua kama mtu ataweza upasuaji au kemo (dawa za kuua kansa), huangalia sana kama anatembea, anaoga na kuvaa mwenyewe.

Hatua ya 1: Muulizeni daktari. Kansa imeingia kwenye mifupa? Damu inatosha? Moyo uko sawa? Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha mazoezi gani yanafaa.

Hatua ya 2: Sigara iachwe leo. Kabla ya upasuaji, wiki 4 au zaidi bila sigara hupunguza matatizo ya mapafu na ya kidonda. Kama zimebaki siku chache, aache vilevile. Na asikae jikoni penye moshi wa makala.

Hatua ya 3: Atembee. Aanze na dakika 5 au 10, asubuhi na jioni, aongeze kidogo kidogo hadi afike dakika 30 kwa siku. Kipimo ni hiki: akitembea aweze kuongea, lakini asiweze kuimba. Milima yetu mnaijua, kwa hiyo msimwanzishe na mpando wa Kadutu. Tafuteni tambarare, hata kama ni kuzunguka uwanja wa parokia.

Nyumbani, chukueni kiti kigumu, mkiegemeze ukutani. Akae, akunje mikono kifuani, asimame bila kujishika, akae tena taratibu. Mara 5, apumzike, arudie. Asipoweza bila mikono, ashike magoti. Siku akiweza mara 6, mpongezeni. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache.

Hatua ya 4: Pumzi. Avute hewa kwa pua taratibu mpaka tumbo liinuke, ashike kidogo, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji. Mara 10, kisha arudie baadaye mchana na jioni. Anayengoja upasuaji ajifunze pia kukohoa huku amekumbatia mto kifuani. Baada ya upasuaji maumivu humfanya mtu aogope kukohoa, makohozi yakabaki ndani, na nimonia ikaingia.

Hatua ya 5: Chakula. Mgonjwa huhitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku; mwenye kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama 6 tu. Bugali peke yake haitafika huko. Samaki wadogo wa ziwani wanaoitwa sambaza, wakavu na waliosagwa, watieni kwenye sombe (majani ya muhogo) au uji. Maharage, karanga, maziwa. Ale kidogo mara nyingi, na mumpime uzito kila wiki. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza kipimo cha daktari.

Hatua ya 6: Moyo na akili. Hofu humnyima mtu usingizi na chakula, hata nguvu za kuinuka kwenye kiti. Mchagueni mtu mmoja anayemwamini, aende naye kwa daktari na daftari la maswali. Aeleweshwe kitakachofanyika siku ya kwanza: sindano iko wapi, itachukua saa ngapi, nywele zitakuwaje. Mchungaji au padri aje, lakini wageni wa kulia mbele yake wapokelewe nje.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Yaya, papa hajui kama ni kansa. Tumemwambia ni kifua kikuu cha zamani. Tuendelee hivyo?*
Hapana, mdogo wangu. Atafika kwenye wodi ya kansa asome mlango mwenyewe. Mwombeni daktari amuulize papa anataka kujua kiasi gani, kisha amwambie mbele yenu. Asiyeambiwa huwa na hofu pia, ila anakuwa nayo peke yake.

*Mama anahema hata akivaa viatu. Atatembea namna gani?*
Aanze na kiti na pumzi tu. Lakini kama kuhema kumeongezeka ghafla, au anakohoa damu, uso na shingo vimevimba, mguu mmoja umevimba, au miguu inalegea pamoja na maumivu ya mgongo, hayo si ya mazoezi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

*Tunampa pia dawa ya miti shamba. Tuseme?*
Semeni, mbebe na chupa. Baadhi huongeza kutoka damu au hugongana na kemo.

*Kanisa limepanga mfungo wa siku 3 kabla ya safari, na mzee anataka kufunga.*
Mama, mfungo huo mfunge ninyi kwa ajili yake. Yeye ameshapungua kilo, na kila kilo aliyobaki nayo itamsaidia kuvumilia kemo. Mwombeni mchungaji amwambie mwenyewe, maana neno lake mzee atalisikia kuliko langu. Wakati wa maombi mumkalishe katikati yenu, na uji wake wa soya mkononi.