Jinsi ya kuongoza mwanzo wa Simfonia ya Kwanza ya Mahler

Mtunzi Gustav Mahler alijipatia riziki kwa kuongoza okestra na opera. Kutunga alikufanya zaidi wakati wa likizo za kiangazi. Ndiyo maana noti zake zimejaa maagizo kwa kiongozi. Yafuate kwanza jinsi yalivyo, kwani mengi ni majibu ya matatizo aliyoyasikia mwenyewe akiwa jukwaani.

Mfano bora ni ile noti ya A ya ala za nyuzi inayofungua simfonia hii, iliyotandazwa katika oktavu saba, yaani noti ileile kwa viwango saba kutoka chini hadi juu. Mahler alipoiongoza mara ya kwanza Budapest, tarehe 20 Novemba 1889, aliona sauti hiyo ni nzito mno. Baadaye akaibadilisha kuwa hamoniki, yaani sauti nyembamba na nyepesi: mpigaji anaugusa uzi kidogo tu bila kuukandamiza. Hamoniki za uzi wa A haziwezi kurekebishwa kwa kidole, kwa hiyo uzi usiolingana hata kidogo na nyingine utaleta mtetemo wa mawimbi katika sauti nzima. Tenga muda wa kulinganisha uzi huo, kundi moja baada ya jingine, ukianzia besi, zile ala kubwa za nyuzi zenye sauti nzito. Agiza upinde uende polepole, na wachezaji wasibadilishe mwelekeo wake kwa pamoja. Usiwaache wapunguze sauti hadi hamoniki ikatike. Upinde usioushika uzi hutoa mkwaruzo tu. Besi za chini kabisa hupiga A ya kawaida, na Mahler ameagiza isikike waziwazi ingawa ni ya sauti ndogo sana. Viongozi wengi huizima, na hapo jengo zima hukosa msingi.

Piga mapigo madogo, kwa kiwiko kilichotulia. Mkono mpana huwafanya wapiga nyuzi waongeze nguvu bila kujua.

Tarumbeta tatu zinazopiga mwito kutoka nyuma ya jukwaa ndizo zinazosumbua zaidi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Wapigaji wake wakiwa mita 34 kutoka kwako, watasikika wamechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, hata wakicheza sawasawa na mkono wako. Mpe msaidizi skrini inayokuonyesha, naye awatangulize kidogo. Asiongoze kwa kufuata anachokisikia kutoka ukumbini, maana hapo ucheleweshaji utakuwa maradufu. Umbali utengeneze kwa mlango, si kwa kuwaambia wapulize kwa unyonge: noti fupi za mwito huo hufifia zikipulizwa hafifu mno. Panga mlango ufunguke kiasi gani, kisha weka alama sakafuni. Korido ikiwa baridi, ala zitashuka chini ya ile A. Wazipashe joto kwa kupuliza hewa bila sauti. Kagua pia njia yao ya kurudi vitini, kwa sababu watarudi muziki ukiendelea.

Mwishoni mwa simfonia, Mahler anawataka wapiga pembe wote saba wasimame. Inua stendi zao za noti tangu mwanzo na ufanye mazoezi ya kusimama pamoja na kupuliza. Wakichelewa kuinuka, pumzi yao ya kwanza itakuwa fupi na sauti itapasuka pale pale inapohitajika kupita juu ya okestra yote.