Jinsi ya kutengeneza kitabu cha picha cha watoto: mbio, meli na ngoma za Kanda ya Ziwa

Karatasi haikimbii, haina saa na haitoi sauti. Hapo ndipo vitabu vya picha vya michezo, historia na muziki vinapowashinda wengi. Mtu anamchora mwanariadha amesimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti, anabandika mwaka juu ya picha akidhani amesimulia historia, halafu kwenye kitabu cha muziki anachora ngoma na nota tatu zinaelea hewani. Mtoto wa miaka mitano anafungua, anafunga, anatoka nje kucheza rede.

Mimi ni mchoraji, nafanyia kazi Kirumba hapa Mwanza. Mwongozo huu ni wa kitabu cha kurasa 16 kwa watoto wa miaka minne hadi saba, kitabu unachoweza kukichapa kwenye steshenari yenye mashine nzuri ya rangi. Mifano ni mitatu, kila mmoja ni kitabu chake: mbio za mwanariadha Suleiman Nyambui, safari ya meli ya MV Victoria kabla haijagusa maji ya ziwa, na bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa kurusha majembe.

Hatua ya 1: Kunja kabla ya kuchora

Chukua karatasi nne za A4, ziweke pamoja, zikunje katikati. Tayari una kijitabu cha A5 chenye kurasa 16. Andika namba za kurasa kwa penseli kuanzia mbele hadi nyuma, kisha zifungue tena uone kilichotokea. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Inayofuata ina 14 na 3, kisha 4 na 13. Kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi zikijumlishwa ni 17 siku zote. Ukilishika hilo, hakuna fundi wa kuchapa atakayekuchanganyia mpangilio.

Angalia pia kurasa za 8 na 9. Hizo peke yake ndizo zinazotazamana zikiwa kwenye karatasi moja isiyokatika. Kwingineko, picha inayovuka mkunjo itaundwa na karatasi mbili tofauti, na mashine ikiteleza milimita mbili tu, uso wa mtu unapishana. Kwa hiyo picha kubwa kuliko zote iweke hapo katikati. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 16 ni wa mzazi na mwalimu, na katikati unabaki na jozi saba za kurasa zinazotazamana. Saba tu. Hadithi isiyoingia humo ni ndefu mno kwa msomaji huyu.

Hatua ya 2: Tafuta tendo, achana na mada

"Historia ya riadha Tanzania" ni mada ya kitabu cha sekondari. Mtoto mpe mbio moja. "Usafiri katika Ziwa Victoria" ni mada, lakini meli iliyovunjwa vipande ikapanda treni ni tendo. Kipimo changu ni hiki: je, mtoto anaweza kuliigiza kwa mwili wake akimaliza kusoma? Kukimbia akimfukuza mwenzake anaweza. Kupanga vipande anaweza. Kurusha jembe la kufikirika na kulidaka anaweza, na atalirusha mchana kutwa. Kama hana cha kuigiza, rudi ukatafute upya.

Hatua ya 3: Mwendo

Tanzania ina medali mbili za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Moja ni ya Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nyingine ni ya Nyambui, mzaliwa wa Majita, ng'ambo ya Ukerewe, katika mita 5,000. Nyambui alitumia dakika 13, sekunde 21.60. Miruts Yifter wa Ethiopia alimtangulia kwa chini ya sekunde moja.

Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja. Usiichore yote. Jozi ya kwanza mstari wa kuanzia, ya pili kundi zima, ya tatu kundi limeanza kukatika, na kuanzia hapo mpaka mwisho ni mzunguko wa mwisho tu. Watoto hawachoki na mzunguko wa mwisho.

Mkimbiaji aelekee kulia, kwa kuwa mkono wa msomaji unafunulia huko. Na bahati nzuri ukweli wa uwanja unakubaliana nawe: wanariadha huzunguka kinyume na mwendo wa saa, hivyo aliyekaa jukwaani humwona anayepita karibu naye akitoka kushoto kwenda kulia. Wa upande wa pili wa uwanja huonekana wakienda kinyume. Ukimchora mtu wa mbali naye anaelekea kulia, mtoto anayecheza mpira atakuuliza mbona huyo anarudi.

Kinachoonyesha kasi ni kivuli. Mistari ile ya upepo nyuma ya mgongo haisaidii kitu. Chora miguu yote miwili ikiwa hewani, kisha weka kivuli chini yake kikiwa kimeachana na soli kwa upana wa kidole. Nafasi hiyo tupu kati ya kiatu na kivuli ndiyo mbio yenyewe. Aliyechoka mchore kivuli chake kimegusana na mguu. Hakuna haja ya kuandika "amechoka".

Nyambui alishinda pia marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Vizuri sana, hayo yapeleke ukurasa wa 16. Na kwa kuwa unamchora mtu aliye hai, mtafute umwombe ridhaa yake. Usichukue picha ya gazeti ukaipitishia kalamu juu: picha ina mwenyewe, na kuinakili kwa mkono ni kuinakili vilevile.

Hatua ya 4: Wakati

Kwa mtoto wa miaka mitano, 1961 na 1691 ni kitu kimoja. Namba ya mwaka iweke nyuma kwa ajili ya mwalimu, ndani andika "zamani, bibi yako hajaolewa". Kisha chagua kitu kimoja kibadilike na vingine vyote vitulie.

MV Victoria inajichora yenyewe kwa njia hii. Iliundwa Glasgow, Scotland, ikaungwa kwa boliti, kila kipande kikapewa namba, halafu ikafunguliwa tena. Vipande vikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, vikapanda treni hadi Kisumu, vikaungwa upya ukingoni mwa ziwa. Ilianza kazi 1961. Katika jozi za mwisho simama sehemu ileile, kana kwamba umekaa juu ya jiwe moja bila kuhama: mlima uleule, mti uleule, na meli inaongezeka. Namba za vipande ziandike kubwa. Mtoto atarudi nyuma kutafuta kipande namba 7 kilikuwa kwenye behewa gani, na wewe uwe umekiweka kweli, maana wanakagua kuliko mhasibu.

Nenda bandari ya Mwanza Kaskazini ukaione meli kwa macho, lakini kumbuka ilikarabatiwa na kupewa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Jina hilo usiliandike ubavuni mwa meli ya 1961.

Watu wazima wa hapa watakuuliza kuhusu MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Mimi siiweki kwenye kitabu cha umri huu. Nyumba nyingi za kanda hii zina mtu aliyepotea siku ile, na habari hiyo inafaa itoke kwa mzazi, akiwa amemkalisha mtoto karibu, kwa wakati atakaouchagua mwenyewe.

Hatua ya 5: Sauti

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Nenda kwanza Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kuna ngoma za kila ukubwa, na ukienda Juni wakati wa Bulabo utaona mashindano yenyewe. Wacheza ngoma wa Kisukuma wana pande mbili za tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu. Pande hizo hushindana zikicheza wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watazamaji wanahama na miguu yao.

Sasa fungua kijitabu chako cha karatasi tupu. Ukurasa wa kushoto kundi moja, wa kulia kundi lingine, mkunjo ni mpaka. Jozi ya pili, watazamaji wamegawanyika sawasawa. Jozi ya tatu, wa kushoto wamerusha majembe juu, na watu watano wa kulia wamegeuza shingo. Jozi ya nne, wale watano wanauvuka mkunjo wanakimbia, mama mmoja kandambili imemchomoka mguuni, mtoto amebaki katikati hajui aende wapi. Ya tano, wa kulia wanajibu kwa kishindo na watu wanaanza kurudi. Hujaandika neno hata moja, na mtoto anajua nani anapiga vizuri. Muziki usiosikika umeuchora kwa miguu ya wanaousikia.

Majembe ya bugobogobo yachore kwa uangalifu. Ngoma hii ni ya kazi ya shamba, na mchezaji hulizungusha jembe, hulirusha na kulidaka kwa kufuata mdundo. Jembe moja lichore mara tatu ndani ya picha moja: likiwa mkononi, likiwa juu bapa limeelekea jua, likiwa linashuka. La katikati lipake rangi kamili, mawili ya pembeni penseli nyepesi. Kabla hujaridhika, mwonyeshe mcheza ngoma, hasa mzee. Mwamkie, kaa chini, mpe karatasi na umwache aiangalie kwa muda wake. Muulize: "Babu, mkono huu uko sawa?" Usimuulize kama picha ni nzuri, kwa sababu atakujibu ni nzuri ili usisononeke. Ukimuuliza mkono atakushika kiganja akuonyeshe mpini unashikwa wapi na dole gumba linakaa upande gani, na hapo umepata kitu ambacho hakimo kwenye picha yoyote ya simu.

Mdundo wenyewe uandike kwa ukubwa wa herufi. DU kubwa jaza nusu ukurasa, ti ti ndogo pembeni. Ukurasa mmoja uache bila mdundo kabisa, jembe likiwa angani. Msomaji mzuri atanyamaza hapo na darasa zima litashika pumzi.

Hatua ya 6: Maneno

Yasizidi 20 kwa kila jozi ya kurasa. Soma kwa sauti. Ukijikuta unavuta pumzi katikati ya sentensi, ikate. Vitenzi vyetu ni virefu, "walipokimbizana" ni kilima kwa anayeanza kusoma, kwa hiyo usiruhusu kompyuta ikate neno mwisho wa mstari. Hakikisha pia alama ya ng' haijaliwa na fonti: ng'ombe akikosa alama yake, mtoto anasoma kitu kingine. Herufi ziwe za ukubwa wa pointi 20 kwenda juu.

Hatua ya 7: Jaribu kikiwa bado cha penseli

Omba ruhusa kwa mwalimu wa darasa la awali na wazazi wajue. Funika maneno kwa vipande vya karatasi, mpe mtoto kijitabu, mwambie akusimulie. Wewe nyamaza. Anapokwama ndipo picha yako haisemi. Anapofunua kurasa mbili kwa mpigo na hadithi yake isivunjike, umepata jozi ya kuitoa. Anapoinuka kukuigizia, usiguse chochote hapo.

Hatua ya 8: Rangi na kuchapa

Piga picha au skani michoro kwa nukta 300 kwa inchi, katika saizi ileile itakayochapwa. Programu za bure za Krita kwa kupaka rangi na Scribus kwa kupanga kurasa zinatosha. Rangi ivuke ukingo kwa milimita 3 ili kisu kisiache ufito mweupe, na maandishi yakae mbali na ukingo kwa sentimita moja.

Jambo la kuwa macho nalo ni nyuso. Mashine huchapa kiza kuliko kioo cha kompyuta, na ngozi yetu ikitiwa kivuli cheusi inatoka doa lisilo na macho. Kivuli cha uso tumia zambarau au kahawia nyekundu, na ngozi ipandishe mwanga kidogo kuliko unavyoona inafaa. Chapa ukurasa mmoja wa majaribio, utoke nao nje juani, ndipo uamue.

Ndani tumia karatasi ya gramu 120 au 150, kwa sababu ya gramu 80 picha ya nyuma huonekana mbele. Jalada gramu 250. Piga pini mbili kwenye mkunjo kwa stepla ya mkono mrefu, ncha zilale ndani na uzigandamize kwa kijiko zisimchome mtoto.

Hatua ya 9: Hati

ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe kabla ya kumaliza jalada, ili uache nafasi yake nyuma. Hakimiliki sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukiandikisha mwandishi na mchoraji kila mtu kwa jina lake, na mkubaliane kwa maandishi nani anapata nini kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa. Ukitaka kitumike rasmi shuleni, kinahitaji ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwa hiyo peleka nakala iliyochapwa kwa ubora utakaouza, usipeleke fotokopi.