Somo: Asusa salama za mbwa na paka kutoka jikoni kwako

Asusa ni chakula kama kingine, na mwili wa mnyama hauitofautishi na mlo. Mbwa aliyepewa kipande cha chapati asubuhi, biskuti mchana na ngozi ya kuku jioni tayari ameshiba mlo mzima pembeni, na bado sahani yake inajazwa vilevile. Unene huanzia hapo, kisha hufuata maumivu ya viungo, na kwa paka kisukari. Kwa hiyo tunaanza na mizani, ndipo tuje kwenye sufuria.

Andaa mizani ya jikoni inayosoma gramu, mizani ya kupimia watu, kisu kikali na chombo chenye mfuniko unaobana.

Hatua ya 1: Jua kiwango cha siku

Mbebe mnyama, panda mizani, kisha panda peke yako. Tofauti ndiyo uzito wake. Kama ni mnene, hesabu kwa uzito anaotakiwa kuwa nao.

Asusa zote za siku zisizidi sehemu moja ya kumi ya kalori anazohitaji. Kwa mbwa mzima aliyehasiwa na asiye na kazi nzito, kiwango cha asusa ni takriban kalori 35 kwa mwenye kilo 5, kalori 60 kwa kilo 10, kalori 100 kwa kilo 20 na kalori 140 kwa kilo 30. Paka wa kilo 4 ana kalori 20 tu. Kwa paka ndipo watu wengi huzidisha, maana kinachoonekana kidogo mkononi mwa mtu ni kingi kwake.

Sasa linganisha. Gramu 1 ya kifua cha kuku kilichochemshwa bila ngozi ina kalori 1.6 hivi. Maini ya ng'ombe yaliyochemshwa ni 1.8, kiazi kitamu kilichochemshwa 0.8, karoti 0.4, tikiti maji 0.3, dagaa wakavu zaidi ya 3, siagi ya karanga karibu 6. Yai moja lililochemshwa ni kalori 70 zima. Mbwa wa kilo 10 basi anaweza kula gramu 37 za kuku au gramu 150 za karoti kwa kiwango kilekile. Ndiyo maana mbwa anayepunguzwa mwili hupewa karoti.

Ulichompa kama asusa, kipunguze kwenye mlo wake. Kalori 60 ni kama gramu 50 za ugali mgumu.

Kata vipande vidogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Mbwa hujali amepewa mara ngapi kuliko amepewa kipande kikubwa kiasi gani. Kipande kimoja cha gramu 10 kinamezwa mara moja na kusahauliwa, lakini kikigawanywa mara ishirini kinatosha somo zima la kumfundisha kukaa na kusubiri.

Hatua ya 2: Chagua na uandae

Kwa mbwa: kuku asiye na ngozi wala mifupa, maini, dagaa, yai lililoiva, karoti, maharage machanga ya kijani yaliyochemshwa, boga, kiazi kitamu, papai na tikiti bila mbegu. Ndizi mbivu mpe kidogo, ina sukari nyingi.

Kwa paka: nyama na samaki walioiva, basi. Paka hana uwezo wa kuonja utamu wa sukari, na mwili wake umejengwa kwa nyama, hivyo matunda na biskuti hazimpi kitu anachokihitaji.

Dagaa wanataka uangalifu kuliko wanavyodhaniwa. Wa ziwani mara nyingi huanikwa mchangani, na wengi wa baharini huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Onja mmoja. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 20, mwaga, suuza mpaka chini ya bakuli pasibaki mchanga, kisha chemsha dakika 10 bila chumvi. Paka wa kilo 4 anatosheka na dagaa 3 hadi 5 kwa siku.

Hatua ya 3: Maini makavu, asusa bora ya mafunzo

Chukua maini ya ng'ombe gramu 500. Yaoshe, menya utando wa juu, kata vipande vyenye unene wa sentimita 1. Chemsha dakika 10 tangu maji yanapotokota, bila chumvi, kitunguu wala mafuta. Chuja, yaache yapoe, kisha kata punje ndogo.

Kama una oveni, tandaza punje zisigusane, weka nyuzi 100 kwa saa 1 na nusu hadi 2, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Kama una jiko la mkaa au gesi, tumia kikaango kizito kisicho na mafuta, moto mdogo kabisa, dakika 25 ukigeuza. Kuanika juani sikushauri: nzi hutua, na sehemu za pwani unyevu hauruhusu yakauke upesi, hivyo huoza kabla hayajakauka.

Kipande kilichokauka sawasawa hupinda kama ngozi na ndani hakina unyevu. Kosa linaloharibu kazi yote ni kuyafungia kwenye chombo yakiwa bado ya moto. Mvuke hugeuka maji kwenye mfuniko, yanadondoka, na baada ya siku mbili kuna ukungu. Yakipoa kabisa, weka kwenye friji siku 5, au uyagandishe kwa miezi 2.

Gramu 1 ya maini haya ina kalori zaidi ya 3, na maini yana vitamini A nyingi ambayo mwili huihifadhi. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Hatua ya 4: Ukinunua dukani

Soma kalori kwa kipande kimoja. Pakiti isiyotaja kalori iache. Viungo hupangwa kwa uzito, hivyo cha kwanza ndicho kingi zaidi: tafuta nyama yenye jina lake. Epuka sukari, sharubati na chumvi nyingi. Kwa paka, kataa chochote chenye propilini glaikoli (E1520), kwani huharibu chembe nyekundu za damu yao.

Vya kutafuna vipime kwa ukucha wa kidole gumba. Ukikandamiza na ukucha usiache alama, kitu hicho kinaweza kuvunja jino. Kwato, pembe na mifupa mikavu ya ng'ombe karibu zote hushindwa jaribio hili.

Hatua ya 5: Anzisha polepole

Asusa mpya moja tu, kwa siku 3, ukiangalia kinyesi na ngozi. Ukileta mbili pamoja na mnyama akaharisha, hutajua ya kuondoa ni ipi.

Visivyoliwa kabisa

Chokoleti, hasa nyeusi. Zabibu, mbichi na kavu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kwa namna yoyote, hata unga wake. Zailitoli (E967), kiongeza utamu cha kwenye bablishi zisizo na sukari, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla. Makadamia: mbwa hulegea miguu ya nyuma na kutapika ndani ya saa 12. Unga mbichi uliotiwa hamira, pombe, makapi ya kahawa. Gunzi la mahindi na kokwa la embe havina sumu kubwa, lakini huziba utumbo na kuondoka kwake mara nyingi ni kwa upasuaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakuu, paka wangu anapenda maziwa sana lakini anaharisha. Nimchanganyie maji?

Jibu: Maji hayasaidii, yanapunguza makali tu. Paka wengi wakubwa hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Acha maziwa, mwekee maji safi. Akitaka kitu cha kulamba, mpe vijiko viwili vya chai vya maji yaliyochemshia kuku, yasiyo na chumvi wala kitunguu.

Swali: Mbwa wetu wa ulinzi hupewa mabaki ya pilau na mifupa ya kuku wa kukaanga, na hajawahi kuumwa. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Mfupa wa kuku ulioiva hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Pilau ina vitunguu, na madhara yake kwenye damu hujitokeza baada ya siku kadhaa, hivyo mtu haunganishi ugonjwa na chakula. Angalia ufizi: ukiwa mweupe, au mkojo ukiwa na rangi ya kahawia, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Swali: Buchani napata mapafu na maini ya mbuzi kwa bei nafuu. Yana vifuko vya maji. Nikiyakata vifuko inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu. Hivyo vifuko vinaweza kuwa na mabuu ya tegu. Mbwa akila vibichi anapata tegu, mayai hutoka na kinyesi, na yakimfikia mtu humwotea vifuko kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huu unajulikana sana Turkana na kwenye maeneo ya Wamaasai. Chagua nyama isiyo na vifuko, na hata hiyo ikate ndogo na kuichemsha dakika 40. Yenye vifuko ichomwe au izikwe chini sana mbwa wasifukue. Muulize daktari ratiba ya dawa ya tegu yenye prazikwanteli.

Swali: Mbwa amelamba ukwaju uliobaki kwenye bakuli. Ukwaju si tunda tu?

Jibu: Ukwaju una asidi ya tartari kwa wingi, na asidi hiyohiyo ndiyo inayoshukiwa katika sumu ya zabibu kwenye figo za mbwa. Mpigie daktari sasa, usingoje atapike. Mwambie uzito wa mbwa, kiasi alichokula na saa aliyokula. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, chumvi yenyewe inaweza kumuua.

Swali: Karanga zenye ukungu kidogo naweza kuzikaanga nimpe mbwa? Kutupa nauonea uchungu.

Jibu: Tupa, na kuku pia usiwape. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na ini la mbwa huathirika upesi. Sumu hiyohiyo kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Usichokula wewe kwa sababu ya ukungu, mbwa naye asile.

Swali: Paka wangu sasa anataka dagaa tu, chakula chake hakigusi. Nimwache na njaa mpaka akubali?

Jibu: Usifanye hivyo dada. Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa mnene, ini lake linaweza kujaa mafuta na akafa. Saga dagaa mmoja, mnyunyizie juu ya chakula chake, na kila baada ya siku 3 punguza kiasi. Akikosa kula kabisa kwa saa 24, nenda kwa daktari.

Swali: Na kasuku? Anapewa parachichi hapa nyumbani.

Jibu: Liondoeni leo. Parachichi lina pesini, sumu inayoua ndege kwa kuharibu moyo, na kiasi kidogo kinatosha. Mpe papai na karoti iliyokunwa.