Somo: Kuchagua kadi ya grafiki ya bei nafuu kwa monita tatu na gemu

Wakuu, habari za saa hizi.

Kadi yangu ya kwanza niliilipia laki mbili na ushee, nikapanda nayo daladala nimeipakata kama mtoto mchanga, kufika nyumbani haiingii. Haikuwa mbovu. Bamba lake la chuma la nyuma lilikuwa na kimo cha sentimita 12, na mashine yangu, Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, inataka bamba la sentimita 8 hivi. Muuzaji akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Tangu siku ile naenda kinyumenyume: naanza na boksi, nafuata matundu ya kuchomekea monita, jina la kadi linakuja mwisho.

Hatua ya 1: Fungua boksi kabla hujafungua pochi

Wengi wetu tunatumia mashine zilizomaliza muda wake maofisini Ulaya: OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zima, chomoa waya ukutani, toa ubavu wa boksi, kisha chukua rula. Kama ni nyembamba, yaani zile zinazoandikwa SFF, unatafuta kadi fupi ambayo wauzaji huiita LP. Angalia pia unene. Baadhi ya hizi nyembamba zina sloti kuu (ule mfereji wa kuchomekea kadi) pembeni kabisa, imebanana na pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, kwa hiyo kadi ya kukalia nafasi mbili haipiti hata ukiibembeleza.

Sasa umeme, na hapa ndipo watu wanapoliwa. Sloti yenyewe haitoi zaidi ya wati 75. Kadi inayotaka zaidi huja na tundu la pini 6, ambalo ni wati 75 nyingine, au la pini 8, wati 150, na waya wake lazima utoke kwenye pawasaplai. Vuta nyaya zote uone. Kwenye hizi za ofisi mara nyingi waya huo haupo, na haishangazi: 7010 nyembamba ina pawasaplai ya wati 240 kwa mashine nzima, ile ya mnara, yaani ya boksi kubwa la kusimama, ina 275. Kwa hiyo, kama hubadilishi pawasaplai, tafuta kadi isiyo na tundu la umeme la ziada. Basi.

Muuzaji atakwambia, "Hiyo ndogo, chukua adapta ya kutoka SATA kwenda pini 8." Kataa. Kiunganishi cha SATA, kile cha kulishia diski umeme, kimepangiwa wati 54 kwenye volti 12, wewe unataka kibebe 150. Niliwahi kufungua mashine ya jirani yangu iliyofungwa hivyo: plastiki imekuwa rangi ya chai ya mkandaa, na ule waya wa njano umegandana nayo kabisa. Alikuwa analalamika tu kwamba "gemu linajizima".

Hatua ya 2: Hesabu monita, halafu hesabu matundu

Kadi inaweza kuwa na nguvu na bado ikakunyima monita ya tatu. GT 1030 ina matundu mawili. RX 6400 nayo mawili. GTX 1650 nyingi zina matatu. Na kuna kadi za mafundi wa michoro, Quadro P620, P1000 na mdogo wao T1000, zenye matundu manne madogo ya picha yaitwayo mini DisplayPort kwenye kadi fupi, nyembamba, isiyodai waya wa umeme. Watu wa gemu huzipita bila kuzitazama kwa sababu hazina mbwembwe wala taa. Wanakosea. T1000 inatumia chipu ileile ya GTX 1650, yenye kori (vitengo vidogo vya kukokotoa) 896 zilezile, kwa wati 50.

Wenye monita za VGA, ule waya wa picha wa zamani, sogeeni hapa. Kuanzia kadi za familia ya GTX 10, NVIDIA iliondoa ishara ya VGA kwenye tundu la DVI. Kile kigeuzi cha bei chee cha DVI kwenda VGA hakiingii hata kwa nguvu, maana vile vitundu vinne vidogo vinavyozunguka ufa wa bapa havipo tena. Nunua kigeuzi chenye chipu ndani, cha kutoka HDMI au DisplayPort, na uingize bei yake kwenye bajeti. Monita tatu za VGA ni vigeuzi vitatu.

Hatua ya 3: Gemu unalichezea kwenye skrini ngapi?

Swali hili linaokoa pesa nyingi. Skrini moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Ukicheza gemu kwenye moja, huku nyingine mbili zikionyesha WhatsApp na mpira, kazi nzito ni ya ile moja tu. Picha ya skrini nzima ya pembeni inakula kama megabaiti 8 za kumbukumbu ya kadi, si kitu. Lakini ukitaka gemu lienee skrini zote tatu, hizo ni pikseli milioni 6.2, robo tatu ya 4K, na hapo bajeti ndogo inakuaga. Nilijaribu mbio za magari kwa njia hiyo na kadi ya GTX 1050 Ti. Ilikuwa kama kutazama albamu ya picha za harusi, moja moja.

Hatua ya 4: Sasa majina

GT 710 na GT 730 ziacheni, hata mkiona zimeandikwa 4GB kwa maandishi makubwa. GT 1030 inafaa kwa kazi za ofisi na gemu nyepesi, ila kuna mbili zenye jina moja, zinatofautiana aina ya kumbukumbu: ya GDDR5 na ya DDR4. Ya DDR4 kumbukumbu yake inapitisha takriban theluthi moja ya mwendo wa mwenzake. Soma boksi.

GTX 1050 Ti ya 2016 bado inapiga kazi, ila fahamu kwamba Oktoba 2025 NVIDIA ilisitisha draiva mpya za gemu (programu za kuendesha kadi) kwa kizazi chake, zimebaki za usalama tu. Ndiyo maana kwa mnunuzi wa leo naisogeza GTX 1650 mbele yake: wati 75, 4GB, na matoleo mengi hayana tundu la umeme la ziada. Mengi, si yote, kwa hiyo tazama picha ya ubavu wa kadi. Mwenye boksi jembamba achukue T1000. Mwenye mnara na pesa kidogo ya ziada atafute RTX 3050 ya 6GB ya mwaka 2024, inayokula wati 70. Msiichanganye na ya 8GB, ile inadai waya.

RX 6400 siipendekezi kwa mashine za zamani. Inatumia njia nne tu za PCIe, yaani njia za data za ile sloti kuu, kwa hiyo kwenye sloti ya kizazi cha tatu inapungua nguvu.

Hatua ya 5: Dukani

Omba iwashwe mbele yako na ifunguliwe GPU-Z, programu inayosoma chipu halisi ya kadi. Kuna kadi kuukuu zilizochomekwa jina la 1050 Ti, na GPU-Z huziandika FAKE mwanzoni mwa jina. Dalili nyingine ya macho: "1050 Ti" yenye tundu la VGA, kimbia.

Maswali ya wadau

*Mkuu, shukrani kwa somo. Nina i5-3470 kwenye 7010. Siwezi kuchomeka monita mbili kwenye kadi na moja kwenye mashine yenyewe?*

Unaweza, na ni njia nzuri ya kubana matumizi. 7010 ina VGA moja na DisplayPort mbili za kwake. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), sehemu ya video, ruhusu grafiki za ndani zibaki hai hata kadi ikiwepo. Monita ya gemu lazima iwe kwenye kadi, ya barua pepe iwe popote. Tena hiyo VGA ya mashine inakuokolea kigeuzi kimoja.

*Kaka, mimi nina Ryzen 5 3600, hiyo mbinu itanifaa?*

Hapana mkuu, prosesa hiyo haina grafiki za ndani. Monita zote zitategemea kadi.

*Nimeona kigawanyi cha HDMI, moja kwa mbili, bei ya soda mbili tatu. Si kinatosha?*

Hicho kinatoa picha ileile kwenye skrini zote mbili, kama TV za kwenye kibanda umiza. Wewe unataka kila skrini na mambo yake.

*Bro naletewa RX 580 iliyochimba sarafu za mtandaoni, bei ni ya kutupa. Niichukue?*

Tatizo la kwanza si uchimbaji, ni umeme. Inakula wati 185 na inataka pini 8, kwa hiyo hesabu na pawasaplai mpya. Kama unayo tayari kwenye mnara, icheze gemu zito nusu saa dukani, sikiliza feni, kisha hesabu kori kwenye GPU-Z: RX 580 kamili ina 2304, ile iliyopunguzwa ina 2048, na bei yake haitakiwi kulingana.

*Nikicheza gemu, kipanya kinatorokea skrini ya pili, nabonyeza WhatsApp katikati ya vita. Nifanyeje?*

Kwenye mipangilio ya gemu chagua skrini nzima kamili, usichague ya dirisha lisilo na fremu. Ikigoma, nenda kwenye mpangilio wa skrini wa Windows, ile monita ya pembeni iburute iguse ya gemu kwenye kona tu. Kipanya kitapita kwenye kile kipenyo cha kona peke yake, na vitani huko hufiki mara kwa mara.