Kulinganisha Ongezeko la Joto la Dar es Salaam na la Svalbard, Hatua kwa Hatua

Kijana mmoja ninayemfundisha takwimu hapa Ilala aliniuliza: "Mwalimu, kama kule kwenye barafu joto limepanda nyuzi 3 hadi 5, na sisi hatujafika huko hata kidogo, si ina maana Dar tuna nafuu?"

Swali hili nalipenda, kwa sababu linaonyesha pale ambapo wengi wetu tunakosea: tunalinganisha nyuzi kwa nyuzi, basi. Nitakuonyesha njia ninayotumia mimi. Unahitaji kompyuta yenye Excel, intaneti na jioni moja.

Svalbard ni visiwa vya Norway, latitudo 78 kaskazini. Hizo nyuzi 3 hadi 5 zilipanda kati ya 1971 na 2017. Dar iko latitudo karibu 7 kusini, kando ya Bahari ya Hindi, ambayo haiachi joto letu liyumbe sana.

Hatua ya 1: Pakua takwimu

Ingia tovuti ya NASA inayoitwa GISTEMP, sehemu ya vituo. Ni bure. Tafuta kituo cha uwanja wa ndege wa Dar, kisha cha uwanja wa ndege wa Svalbard, upakue faili la CSV (jedwali linalofunguka kwa Excel) la kila kimoja. Utakuta matoleo kadhaa. Chukua lililosahihishwa, na liwe hilohilo kwa vituo vyote viwili. Vituo huhamishwa, vipimajoto hubadilishwa, na miji hukua. Dar ya sensa ya 1967 haikufikisha watu 300,000. Ya 2022 ina zaidi ya milioni 5.3. Saruji na lami hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, na hilo lisipoangaliwa litahesabiwa kama mabadiliko ya tabianchi.

Hatua ya 2: Ondoa 999.90

Mwezi usio na kipimo huandikwa 999.90. Mara ya kwanza niliiacha, na mwaka mmoja wa Dar ukanipa wastani wa nyuzi 107. Hilo nililigundua kwa sababu lilikuwa kubwa mno. Tumia kitafuta-na-badilisha, uziache seli hizo tupu. Usiweke sifuri.

Hatua ya 3: Geuza joto liwe tofauti na kawaida

Hapa usiharakishe. Dar, Februari na Julai hupishana takriban nyuzi 4. Svalbard, mwezi wa baridi kali na Julai hupishana zaidi ya nyuzi 15. Kwa hiyo mwaka uliokosa kipimo cha Februari utaonekana wa baridi kidogo Dar, na wa joto kupindukia Svalbard, ilhali hakuna kilichobadilika isipokuwa pengo. Dawa yake ni kulinganisha kila mwezi na kawaida ya mwezi huohuo, mahali hapohapo.

Panga jedwali la kila kituo hivi: miaka safu A kuanzia 1975 kwenye mstari wa 2, Januari hadi Desemba safu B hadi M. Kawaida tutachukua ya 1991 hadi 2020, ambayo itaangukia mstari wa 18 hadi wa 47. Kwenye seli O2 andika:

=IF(B2="","",B2-AVERAGE(B$18:B$47))

Buruta hadi safu Z, kisha chini hadi mwaka wa mwisho. Usiikate hiyo IF ukaona inakuchelewesha: bila hiyo, seli tupu huhesabiwa kama sifuri, na Dar itapata mwezi wenye upungufu wa nyuzi 27. Sasa wastani wa mwaka, kwenye AA2:

=IF(COUNT(O2:Z2)>=10,AVERAGE(O2:Z2),"")

Mwaka wenye miezi chini ya 10 unaachwa. Ukikuta kituo kimoja kina mapengo mengi ndani ya miaka hiyo 30, chagua miaka mingine ambayo vituo vyote viwili vina vipimo.

Hatua ya 4: Kasi kwa muongo

=SLOPE(AA2:AA51,A2:A51)*10

Fomula hii inakupa nyuzi ambazo joto hupanda kila miaka 10. Hapo nimeishia 2024. Miaka ya kuanzia na kumalizia iwe sawa kwa vyote viwili. Usianzie mwaka wa El Niño kubwa kama 1998, ambapo joto la Bahari ya Pasifiki hupandisha joto la dunia kwa muda, utajidanganya.

Hatua ya 5: Pima kasi hiyo kwa mtikisiko wa mahali penyewe

Hili ndilo jibu la kijana wangu. Svalbard mwaka mmoja upepo ukivuma kutoka kusini, mvua hunyesha katikati ya majira ya baridi. Mwaka mwingine ukitoka kwenye barafu, kila kitu huganda. Viumbe wa huko wamezoea kuyumba huko. Dar miaka inafanana mno. Mtikisiko huo, yaani miaka huyumba kiasi gani kuzunguka mwelekeo wake, Excel inakupa hivi:

=STEYX(AA2:AA51,A2:A51)

Chukua ongezeko lote la miaka yako (kasi ya Hatua ya 4 mara idadi ya miongo), uligawe kwa namba hiyo. Mfano wa kujifunzia tu, si vipimo: kituo kimepanda nyuzi 1 na mtikisiko wake ni 0.25, unapata 4. Kingine kimepanda nyuzi 4 na mtikisiko ni 1.2, unapata 3.3. Kile kilichopanda kidogo ndicho kilichotoka mbali zaidi na mazoea yake. Watafiti wamelionyesha hili kwa nchi nyingi za tropiki: ongezeko ni dogo kwa nyuzi, lakini linajitokeza mapema. Mkulima wa mchicha wa bonde la Msimbazi na mtoto anayelala chini ya bati Mbagala hawana akiba ya miaka ya joto waliyoizoea.

Hatua ya 6: Rudia kwa majira

Svalbard ongezeko kubwa liko majira ya baridi, kwa sababu barafu ya baharini imepungua na bahari iliyo wazi hutoa joto lake hewani. Dar fanya Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, kisha Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi. Ukitaka kutenganisha usiku na mchana, omba vipimo vya kila siku kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Ukichora, usiweke mistari miwili kwenye mhimili mmoja wa nyuzi. Dar italala kama uzi ulionyooka na kila atakayeona atasema hakuna kitu. Chora kila mahali kwa namba iliyogawanywa kwa mtikisiko wake, na pembeni uandike nyuzi halisi.